Majina Mengi ya Mlima Mmoja: Matangazo ya Utafutaji Kuvuka Lugha na Mipaka

Matangazo ya injini za utafutaji huuzwa kwa neno. Mwenye biashara hanunui ukurasa wa gazeti wala sekunde thelathini za redio. Ananunua nafasi ya kuonekana pale mtu anapoandika neno fulani kwenye kisanduku cha Google, Yandex, Baidu au Naver. Bango la barabarani humkuta mpita njia akiwaza mambo yake. Tangazo la utafutaji humkuta mtu ambaye tayari ameshasema anachotaka, tena kwa maneno yake mwenyewe. Kwa hiyo anayetangaza katika nchi za watu na kukosea neno amekosa soko zima, hata kama fedha anayo.

Wazo la kuyapiga maneno mnada lilianzia Marekani mwaka 1998, pale Bill Gross alipofungua injini ya GoTo.com. Injini hiyo iliwapanga watangazaji kwa kiwango ambacho kila mmoja alikuwa tayari kulipa tangazo lake linapobonyezwa. Mwaka 2001 ilibadili jina ikawa Overture, na mwaka 2003 ikanunuliwa na Yahoo. Google ilianzisha huduma yake ya AdWords Oktoba 2000 ikiwa na watangazaji 350. Mwaka 2002 ikaongeza kigezo kilichobadilisha biashara yote: dau peke yake halikutosha tena, na tangazo ambalo watu hulibonyeza mara nyingi lilianza kupewa uzito zaidi. Huduma hiyo tangu 2018 inaitwa Google Ads.

Hesabu yake, kwa mfano mwepesi, huenda hivi. Kampuni mbili za Moshi zinazopandisha wageni mlimani zinagombea neno moja. Ya kwanza imeweka dau la dola 4 kwa kila mbonyezo, na tangazo lake limepewa alama 5 za ubora. Ya pili imeweka dola 3, lakini ina alama 8. Dau huzidishwa kwa ubora: ya kwanza inapata 20, ya pili 24. Ya pili ndiyo inayokaa juu, na hata hizo dola 3 hailipi zote. Inalipa kiasi kinachotosha tu kumpita aliye chini yake, yaani 20 gawanya kwa 8, dola 2 na nusu. Mnada halisi una vigezo vingi zaidi ya hivi, ila msingi ni huo.

Alama za ubora hutokana na mambo matatu: uwezekano wa tangazo kubonyezwa, ukaribu wa tangazo na neno lililotafutwa, na hali ya ukurasa ambao mbonyezaji anafikishwa. Yote matatu yamebebwa na lugha. Mtu wa Warsaw aliyetafuta kwa Kipolandi, akaonyeshwa tangazo la Kiingereza, ana sababu ndogo ya kulibonyeza. Akilibonyeza na kukuta ukurasa wa Kiingereza mtupu, anarudi alikotoka. Ubora unashuka, bei ya mbonyezo unaofuata inapanda, na kampuni ndogo ya Moshi inajikuta ikilipa kwa dola, tena ghali kuliko mshindani wake, kwa sababu tu haikuzungumza na mgeni wake.

Kilimanjaro ngapi?

Wengi hudhani kwamba jina la mahali halitafsiriwi, kwa hiyo neno la utafutaji linaweza kubaki lilivyo. Mlima Kilimanjaro unaonyesha jinsi dhana hiyo inavyogharimu. Mlima ni mmoja, wenye mita 5,895, lakini Mjerumani huuandika Kilimandscharo, Mfaransa Kilimandjaro, Mpolandi Kilimandżaro na Mtaliano Kilimangiaro. Wapo wengi katika nchi hizo wanaotumia pia tahajia ya Kiingereza, kwa hiyo orodha ya maneno kwa kila lugha lazima ibebe tahajia zote mbili. Wachina wa bara huandika jina linalotamkwa Qilimazhaluo. Wajapani hutumia katakana, mwandiko wao wa maneno ya kigeni.

Tahajia ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kujua jina hilo limeshika maana gani huko lilikofika. Nchini Italia, Kilimangiaro ni kipindi maarufu cha safari kwenye runinga ya Rai 3, hivyo anayeliandika neno hilo peke yake huenda anataka kujua kipindi kitarushwa lini. Nchini Ufaransa lipo kwenye wimbo wa Pascal Danel wa mwaka 1966 na kwenye filamu ya Robert Guédiguian ya mwaka 2011. Korea Kusini, watu wa rika la wazazi huusikia mlima huo kwanza kwenye wimbo wa Cho Yong-pil wa mwaka 1985 kuhusu chui wa Kilimanjaro. Japani ndiko kwenye somo kubwa zaidi. Huko kahawa ya Tanzania imeuzwa kwa miaka mingi kwa jina la Kilimanjaro, na kwa Mjapani wa kawaida neno hilo lina harufu ya kikombe cha asubuhi. Kampuni ya kupandisha wageni inayonunua neno tupu la Kilimanjaro nchini Japani italipia mibonyezo ya watu wanaotafuta kahawa ya kusaga.

Zanzibar nayo ina mambo yake. Kwa Kijerumani huandikwa Sansibar. Lakini Sansibar ni pia mgahawa mashuhuri kwenye kisiwa cha Sylt, kaskazini mwa Ujerumani, na ni neno la kwanza katika jina la riwaya ya Alfred Andersch ya mwaka 1957. Ufaransa, zanzibar ni mchezo wa dadu wa kwenye vilabu vya pombe. Kwa Kichina, jina la kisiwa hutofautiana hata kati ya watu wanaosema Kimandarini: China bara husema Sangjiba'er, Taiwan husema Shangjiba. Hoteli ya Nungwi inayomlipa mfasiri mmoja afanye Kichina mara moja kwa wote inakuwa imelipia nusu ya soko.

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza, jina la mahali hununuliwa likiwa limefungwa na neno la nia: Kijerumani Urlaub kwa likizo, Kifaransa ascension kwa kupanda mlima, Kipolandi wakacje kwa mapumziko. Pili, yapo maneno ya kukataza, ambayo mtangazaji huyaorodhesha ili tangazo lisitokee yanapoandikwa. Kwa soko la Ujerumani, orodha hiyo ya Sansibar ingeanza na Sylt na Andersch. Kwa Japani ingeanza na kahawa.

Sarufi ndani ya mnada

Kipolandi kina hali saba za nomino, na majina ya mahali nayo hunyumbulika. Mapumziko huko Zanzibar ni "wakacje na Zanzibarze". Ndege za kwenda ni "loty na Zanzibar". Ramani ya kisiwa ni "mapa Zanzibaru". Kwenye maneno ya kununua, Google hujaribu kuunganisha maumbo yaliyo karibu. Kwenye maneno ya kukataza haifanyi hivyo: umbo ambalo halikuandikwa halikatazwi. Mtangazaji aliyekataza umbo moja la neno la Kipolandi ameziba tundu moja la chujio na kuyaacha mengine wazi.

Kijerumani kina tatizo la upana. Kichwa cha tangazo kwenye Google hakizidi herufi 30, na maelezo hayazidi 90. Neno rasmi la Kijerumani la bima ya gari inayofidia watu wengine, Kraftfahrzeughaftpflichtversicherung, lina herufi 36. Neno moja limeshapita kichwa cha tangazo kabla hata ya jina la kampuni. Bahati nzuri ni kwamba mtu anayetafuta bima haandiki hivyo; anaandika Autoversicherung au Kfz-Versicherung, herufi 16 kila moja. Neno la sheria na neno la mteja mara nyingi hayafanani, na katika mnada huu la mteja ndilo lenye thamani. Kwa Kichina, Kijapani na Kikorea, herufi moja huhesabiwa kuwa mbili, hivyo kichwa kinabaki na nafasi 15, ingawa katika lugha hizo nafasi 15 hubeba mengi.

Lugha moja inaweza pia kugawanyika kwa nchi. Gari ni coche kwa Mhispania wa Madrid, carro kwa Mkolombia, auto kwa Muajentina. Simu ya mkononi ni telemóvel Lisbon na celular São Paulo. Kampeni moja ya Kihispania kwa nchi ishirini ni rahisi kuisimamia, lakini kila nchi huiona kama ya jirani.

Kiswahili nacho kina kesi yake. Mnyambuliko wa kitenzi chetu hubadilisha upande wa biashara. Anayetafuta "nyumba ya kupanga Sinza" ni mpangaji, ana kodi mkononi. Anayeandika "kupangisha nyumba" ana nyumba na anatafuta mpangaji. Kukopa na kukopesha ni hivyo hivyo, na kukodi na kukodisha pia, ingawa hapa watu wengi huchanganya na kusema "gari la kukodisha" wakiwa ndio wanaolitaka. Mtambo unaokata viambishi ili kufika kwenye mzizi utamchukua dalali na mteja wake na kuwaona mtu mmoja. Google ilianza kutumia teknolojia yake ya BERT, inayosoma neno pamoja na yaliyolizunguka, kwa Kiingereza Oktoba 2019, na Desemba mwaka huo ikaieneza kwenye lugha zaidi ya 70, Kiswahili kikiwemo. Hilo limepunguza tatizo bila kulimaliza. Anayetangaza kwa Kiswahili bado anapaswa kuyatenganisha maumbo hayo katika makundi tofauti ya matangazo, kila moja na ukurasa wake.

Kisha kuna mpaka wa Namanga. Mtanzania hununua vocha, Mkenya hununua kredit. Dar es Salaam anayetaka chumba chenye choo na bafu ndani hutafuta "chumba masta". Nairobi hutafuta "bedsitter", hata akiwa mtu wa kuongea Kiswahili siku nzima. Mwenye gari wa Tanzania huulizia "bima kubwa", maneno yasiyo kwenye mkataba wowote wa bima, wakati Mkenya kwa jambo lilelile hutaja "comprehensive". Mashariki ya Kongo, watu wa Bukavu na Goma wanaosema Kiswahili nyumbani na sokoni hutafuta mambo mengi ya kibiashara kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha waliyofundishwa kuandikia. Lugha ya kuongea na lugha ya kutafutia zinaweza kuwa mbili ndani ya mtu mmoja. Hakuna takwimu ya wasemaji inayomwonyesha mtangazaji jambo hilo; litaonekana kwenye maneno yaliyoandikwa tu.

Injini isiyo Google

Duniani kote, karibu utafutaji tisa kati ya kumi hupitia Google. Wastani huo unaficha nchi ambazo mambo yake ni mengine kabisa. Urusi ina Yandex, iliyozinduliwa Septemba 1997 na Arkady Volozh na Ilya Segalovich. Nguvu yake ya mwanzo ilitoka kwenye sarufi: ilijengwa kuuelewa mnyambuliko wa Kirusi, lugha yenye hali sita za nomino, wakati injini za Marekani zilikuwa bado zinaona kila umbo kama neno jipya. Machi 2022 Google ilisimamisha uuzaji wa matangazo nchini Urusi, na tangu hapo hoteli ya Zanzibar inayowataka wageni wa Moscow kwa njia ya utafutaji haina budi kupita kwa Yandex.

Jamhuri ya Cheki ina Seznam, iliyoanzishwa mwaka 1996. Korea Kusini ina Naver ya mwaka 1999, ambayo matokeo yake hayafanani na orodha ya viungo iliyozoeleka. Ukurasa wa Naver huchanganya blogu, maduka, ramani na majibu ya watumiaji wenyewe, kutoka huduma ya maswali na majibu iliyofunguliwa mwaka 2002, zama ambazo Kikorea kilikuwa na maandishi machache kwenye intaneti. Japani, Yahoo bado ina watumiaji wengi, lakini tangu mwaka 2010 matokeo yake yanatoka kwenye mtambo wa Google.

China ni dunia ya peke yake. Baidu ilianzishwa Januari 2000 na Robin Li na Eric Xu. Google ilikuwepo bara hadi Machi 2010, ilipoacha kuchuja matokeo na kuwaelekeza watumiaji kwenye tovuti yake ya Hong Kong. Tovuti inayotaka kuwekwa kwenye seva za China bara lazima iwe na kibali cha serikali, na iliyo nje hufunguka polepole, pengine isifunguke kabisa. Mwaka 2016 mwanafunzi mmoja aliyekuwa na saratani alifariki baada ya kutibiwa katika hospitali aliyoipata kupitia matokeo yaliyolipiwa kwenye Baidu. Hasira ya umma ilikuwa kubwa, na mamlaka ikaiagiza Baidu kwamba matangazo yasizidi asilimia 30 ya ukurasa. Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na kila anayeuza dawa, matibabu au mikopo kwa njia hii. Anayeandika jina la ugonjwa wake kwenye kisanduku hana kinga, na tangazo lililokaa juu ya ukurasa analichukua kama ushauri.

Mtu yuko wapi, na anataka wapi

Kila kampeni huwekewa mipaka ya eneo, na hapo kuna mpangilio mmoja mdogo unaokula fedha kimya kimya. Google Ads, isipoguswa, huonyesha tangazo kwa walio ndani ya eneo lililochaguliwa na pia kwa walioonyesha kulipenda wakiwa kokote. Duka la dawa la Mwanza likichagua Mwanza na kuacha mpangilio huo, linaweza kulipia mbonyezo wa mtu aliye Minneapolis anayesoma habari za kwao. Duka hilo linapaswa kubaki na walio Mwanza kweli. Kampuni inayopeleka vyakula kwa familia kwa oda za ndugu walio ughaibuni inahitaji kinyume chake, na hoteli ya Paje haina haja hata ya kuichagua Zanzibar: inachagua Poland, Italia na Ufaransa, ambako wageni wake wanakaa kabla hawajapanda ndege.

Ratiba ya matangazo hufuata saa za eneo la akaunti, si za mteja. Akaunti iliyofunguliwa kwa saa za Afrika Mashariki ikapangwa kuzimwa saa sita usiku inazima wakati Los Angeles ni mchana, watu wakiwa kazini mbele ya kompyuta.

Ukurasa wanaoufikia

Matangazo ya kulipia huisha fedha zinapoisha. Matokeo yasiyolipiwa hubaki, na tovuti ya lugha nyingi inahitaji kupangwa ili injini iujue ukurasa wa kila msomaji. Njia zinazotumika ni tatu: kikoa cha nchi, kama .de au .pl, kikoa kidogo cha lugha, au folda ya lugha ndani ya tovuti moja. Kwa biashara ndogo folda ndiyo njia nyepesi, maana nguvu yote ya tovuti inabaki mahali pamoja.

Desemba 2011 Google ilianzisha alama iitwayo hreflang, inayoiambia injini kwamba ukurasa huu ni wa Kijerumani, na wenzake wa Kipolandi na Kiswahili wako hapa na hapa. Alama hiyo ina masharti mawili yanayovunjwa kila siku. Kurasa lazima zielekezane pande zote mbili. Wa Kijerumani ukiutaja wa Kiswahili na huo usijibu, alama inapuuzwa. Pia, msimbo wa lugha hutangulia na wa nchi hufuata, kwa viwango vya kimataifa. Kiswahili cha Tanzania ni sw-tz na cha Kenya ni sw-ke. Kiingereza cha Uingereza ni en-gb, na wanaoandika en-uk hawapati kitu.

Ndani ya ukurasa, makosa yanayofukuza wateja huwa madogo. Bei ya safari iliyoandikwa dola 1,200 kwa mtindo wa Kiingereza, Mjerumani au Mpolandi huweza kuisoma kama dola moja na senti ishirini, kwa kuwa kwao mkato hutenganisha desimali. Ofisi inayofunguliwa saa 2 asubuhi, mfasiri asiyejua saa za Kiswahili ataifungua kwa wageni usiku wa manane. Njia za malipo nazo ni lugha: Mholanzi hutazamia iDEAL, Mbrazili Pix, Mkenya M-Pesa, na asipoiona aliyoizoea huanza kushuku tovuti nzima.

Sheria husafiri pamoja na mteja. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1994, hutaka matangazo yawe kwa Kifaransa au yaambatane na tafsiri, na jimbo la Quebec lina sheria yake ya lugha tangu 1977. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu 25 Mei 2018, inamgusa hata aliye nje ya Ulaya ikiwa analenga watu walioko huko. Fomu ya maulizo ya kampuni ya Arusha, yenye ukurasa wa Kijerumani na bei za yuro, iko chini yake, pamoja na sheria ya Tanzania ya mwaka 2022. Juu ya kununua jina la mshindani kama neno la utafutaji, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua Machi 2010, katika shauri la Google na Louis Vuitton, kwamba Google kwa kuuza neno hilo haivunji haki ya alama ya biashara. Mtangazaji mwenyewe anaweza kuivunja, ikiwa tangazo linamfanya mteja wa kawaida ashindwe kujua bidhaa ni ya nani.

Kusoma walichoandika

Kila injini kubwa humpa mtangazaji ripoti ya maneno ambayo watu waliyaandika kweli kabla ya kubonyeza. Ripoti hiyo ina thamani kuliko tafsiri yoyote iliyofanywa kabla ya kampeni, na ni lazima isomwe na mtu aliyekua na lugha hiyo. Kampeni mpya ya lugha ngeni huanzishwa kwa bajeti ndogo na maneno machache. Kila wiki ripoti hufunguliwa, na kila mstari huulizwa swali moja: aliyeandika hivi alitaka nini? Kahawa inakwenda kwenye orodha ya kukataza. Kipindi cha runinga kinaifuata. Neno ambalo hakuna aliyelifikiria, lakini limeleta maulizo mawili ya kweli, linapewa kundi lake, tangazo lake na ukurasa wake. Mgeni wa Kraków aliyeandika kwa lugha yake anajibiwa barua pepe kwa lugha hiyo hiyo, na kama ofisini hakuna anayeijua, jibu linaanza kwa kumweleza kwamba kiongozi wake mlimani atazungumza naye kwa Kiingereza.